Mikono mitupu: Singida na kudhoofika kwa mapambano ya amani

Kabla jina la Tundu Lissu halijajulikana nje ya nchi, ugomvi wake mkubwa katika Jimbo la Singida Mashariki ulikuwa wa michango. Alipochaguliwa mwaka 2010, vijiji vya Ikungi, kama vijiji vingi vya Tanzania, vilikuwa vimezoea kuona mtendaji akiongozana na mgambo nyumba kwa nyumba kudai fedha za darasa, za maabara, za nyumba ya mwalimu. Asiyekuwa nazo alijua kitakachofuata: kuku wanakamatwa, mbuzi anafunguliwa kamba, au mwenye nyumba mwenyewe anapelekwa ofisi ya kata akalale huko. Hoja ya Lissu, ambaye ni wakili, ilikuwa fupi. Mchango wa lazima usio na sheria nyuma yake si halali, na mwananchi anayeukataa hajatenda kosa. CCM, chama tawala, wakamshutumu kwamba anakwamisha maendeleo. Wapiga kura wakamrudisha bungeni mwaka 2015.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Wizara ya Elimu ikatoa Waraka Namba 5 wa kufuta ada na michango ya lazima shuleni, na Januari 2018 Rais Magufuli mwenyewe akapiga marufuku michango iliyokuwa ikiendelea kutozwa kwa mlango wa nyuma. Sidai kwamba Ikulu iliisikiliza Ikungi. Ninachosema ni kwamba jambo lililoitwa ukaidi vijijini Singida lilikuja kuwa sera ya nchi nzima, bila mtu kuhitaji kushika rungu.

Hayo ndiyo mapambano ya amani katika hali yake ya kawaida kabisa. Wengi tukisikia maneno hayo tunamwaza Gandhi akitembea kwenda baharini mwaka 1930 kuokota chumvi asiyoilipia kodi. Mara nyingi kazi yenyewe haina picha nzuri kiasi hicho. Ni mama kukataa kutoa elfu kumi mpaka aonyeshwe muhtasari wa kikao kilichopitisha, ni mzee kwenda mahakama ya mwanzo badala ya kumvizia mtendaji njiani, ni mkutano wa kijiji kugoma kupitisha hesabu za mapato na matumizi. Mtu anakataa hadharani, mchana, akijua kuna gharama, na anakubali kuilipa.

Ninapozungumzia kudhoofika nazungumzia vitendo vya namna hiyo. Wimbo wa amani haujadhoofika; unaimbwa kwenye kila jukwaa, kila sikukuu, kila mahubiri ya Ijumaa na Jumapili. Kilichopungua mwaka hadi mwaka ni njia ambazo mtu asiyetaka ngumi anaweza kuzitumia akajibiwa. Na Singida ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu mkoa huu wenye watu milioni mbili kwa sensa ya 2022 umemtoa kiongozi wa upinzani aliyeshtakiwa kwa uhaini mwaka 2025, na mwaka huohuo umemtoa Waziri Mkuu, Mwigulu Nchemba wa Iramba.

Wanyaturu, wenyeji wa Singida, wanamkumbuka Liti, mwanamke aliyeongoza watu kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Simulizi za wazee zinasema aliwatumia nyuki dhidi ya askari. Uwanja wa mpira wa Singida uliokuwa ukiitwa Namfua sasa unaitwa kwa jina lake. Ni kumbukumbu ya ushujaa, lakini pia ni kumbukumbu ya kushindwa, kama ilivyokuwa Maji Maji kule kusini. Maboma ya Kilimatinde na Mkalama yalibaki mikononi mwa Mjerumani mpaka Mwingereza alipoyachukua. Kizazi cha TANU, chama kilichodai uhuru, kilikulia ndani ya kumbukumbu hizo. Nyerere aliifahamu vizuri hesabu yake: watu wenye mikuki waliwahi kujaribu, wakafa kwa maelfu, kwa hiyo safari hii itatumika kadi ya chama, mkutano na hoja.

Hesabu hiyo ilikuwa na nidhamu ndani yake. Januari 1958 mkutano wa TANU pale Tabora uliamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura akitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ambao wanachama wengi waliuona kama tusi, na waliotaka kugoma wakakubali uamuzi wa wengi. Zuberi Mtemvu ndiye aliyetoka akaanzisha chama chake. Mwaka huohuo watu wa Geita walitembea kwa maelfu mpaka Mwanza kulikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi, Nyerere akahukumiwa kwa kashfa na kulipa faini ya shilingi 3,000, na mwezi Septemba vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na Kati vilikutana Mwanza na kuunda PAFMECA, umoja ulioweka njia ya amani katika msimamo wake. Uhuru ukapatikana mwaka 1961 bila vita.

Ajabu ni kasi ambayo serikali iliyozaliwa na mikutano ilianza kuiogopa mikutano. Sheria ya kuweka watu kizuizini ilipitishwa mwaka 1962. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwasikiliza, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza zaidi ya 300. Binafsi naona siku ile ndiyo iliyoweka kanuni ambayo haijaondoka mpaka leo: mtawala anaweza kukubali kwamba una hoja, ila hawezi kukusamehe kwa kuipeleka barabarani.

Vijijini kanuni hiyo ilijibiwa kimyakimya. Wakati wa operesheni za vijiji, zilizofika Singida katikati ya miaka ya 1970, wakulima na wafugaji wa mikoa ya kati hawakuwa na chama kingine wala gazeti. Walihamishwa, wakajenga walipoambiwa, na serikali ilipolegeza mkono wengi wakarudi taratibu kwenye mahame yao. Hakuna aliyetoa tamko. Huo nao ni ukaidi usio na damu, lakini una udhaifu mkubwa: haufundishi mtu kusimama mbele ya mwenzake na kuhesabiwa.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 kulikuwa na nafasi ya kuyajenga upya haya yote, na kwa muda ilionekana inajengwa. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Mahakama Kuu pale Dodoma, jirani na Singida, akihoji kwa nini raia aombe kibali cha kukutana ilhali Katiba imempa haki hiyo. Jaji Kahwa Lugakingira alikubaliana naye. Tangu hapo anayeitisha mkutano wa hadhara hatakiwi kuomba ruhusa. Anatoa taarifa kwa polisi saa 48 kabla.

Aliyewahi kuandaa mkutano wilayani anaijua hiyo karatasi. Barua inaandikwa kwa mkuu wa polisi wa wilaya, inataja uwanja, saa, wazungumzaji, njia itakayopitwa na gari la matangazo. Inapelekwa na nakala mbili, moja inagongwa muhuri wa kupokelewa na kurudi kwenye faili la katibu wa chama. Ule muhuri ndio ulikuwa silaha yote ya katibu: polisi wakija kuzuia, anautoa. Wenye subira walijua pia kulumbana juu yake. Mkuu wa polisi akisema uwanja una shughuli nyingine, unahamia uwanja wa pili uliokwisha kuutaja kwenye barua. Haya ni mambo madogo, lakini yalikuwa yanamlazimisha mwenye nguvu kujibu kwa maandishi, kwa kutoa sababu, na ndani ya muda.

Kilichoiua ile karatasi ni msemo mmoja wa kipolisi, taarifa za kiintelijensia. Barua ilipokelewa, muhuri ukagongwa, na siku moja kabla ya mkutano linakuja jibu kwamba taarifa za kiintelijensia zinaonyesha kutakuwa na uvunjifu wa amani. Taarifa hizo hazionyeshwi kwa mtu. Hazina wa kuzihoji. Polepole, bila sheria kubadilishwa hata nukta, taarifa kwa polisi ikageuka kuwa ombi tena. Juni 2016 polisi walipiga marufuku mikutano ya hadhara nchi nzima, na Rais akasema siasa zisubiri mpaka 2020, isipokuwa kwa wabunge katika majimbo yao. CHADEMA, chama cha Lissu, walitangaza UKUTA, maandamano ya nchi nzima ya tarehe 1 Septemba, kisha wakayaahirisha siku moja kabla, baada ya viongozi wa dini kuomba nafasi ya mazungumzo. Mazungumzo ya maana hayakufanyika. Marufuku ilidumu mpaka 3 Januari 2023.

Miaka sita na nusu ni mingi kwa kazi inayotegemea mazoea. Aliyekuwa na miaka 15 marufuku ilipoanza aliweza kuifikisha 21 bila kuona mkutano wa chama cha upinzani kijijini kwake. Hakuona jinsi msemaji anavyomtuliza kijana mlevi anayetaka kupasua kioo cha gari la polisi, wala katibu akibishana na mkuu wa polisi wa wilaya kwa adabu, karatasi mkononi.

Katika miaka hiyohiyo milango mingine ilikuwa inafungwa, na Singida Mashariki ilionja karibu kila mmoja. Tarehe 7 Septemba 2017 mbunge wake, Lissu, alipigwa risasi 16 nyumbani kwake Dodoma mchana kweupe; mpaka leo hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa tukio hilo. Juni 2019, Lissu akiwa bado kwenye matibabu Ubelgiji, Spika alitangaza kwamba kiti chake kiko wazi. Uchaguzi mdogo ulioitishwa haukufikia hatua ya kupiga kura, kwa sababu mgombea wa CCM, Miraji Mtaturu, alitangazwa kupita bila kupingwa. Watu wa jimbo lililobishana miaka tisa juu ya risiti za michango walipata mbunge mpya bila kushika karatasi ya kura. Mwezi Novemba serikali ikatoa taarifa ya kuondoa haki ya raia na asasi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Arusha. Ndiyo mahakama iliyompa ushindi Mtikila mwaka 2013 juu ya mgombea binafsi, ushindi ambao haujatekelezwa. Kwa matokeo ya urais mlango wa mahakama ulifungwa zamani, na Katiba yenyewe, ibara ya 41.

Lakini makala inayoilaumu serikali peke yake itakuwa imeandikwa nusu. Upinzani nao ulikula mbegu zake.

Tazama mavazi. CHADEMA, chama kilichosema kinapigania mabadiliko kwa njia ya amani, kilivaa magwanda ya kaki, wanachama wakaitana kamanda, ziara zikaitwa operesheni, na walinzi wake wakaitwa Red Brigade, wakitazamana na Green Guard wa CCM. Ni kweli lugha ya kijeshi ni urithi wa nchi nzima. Hata kampeni ya kilimo kwetu huwa operesheni. Lakini kijana hujifunza zaidi kwa anachokiona kuliko kwa ibara ya katiba ya chama. Julai 2012 mkutano wa CHADEMA pale Ndago, wilayani Iramba, uliingia vurugu za mawe, na kiongozi mmoja wa vijana wa CCM akapoteza maisha. Kila upande ulikuwa na maelezo yake juu ya nani alianza. Kwa anayeamini katika mikono mitupu, swali la nani alianza halina msaada mkubwa. Swali ni nani alikuwa amefundishwa la kufanya jiwe la kwanza likishatua, na jibu, pande zote mbili, lilikuwa hakuna.

Kosa la pili naliona zito kuliko hilo. Mwaka 2014, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, CCM ilipata karibu asilimia 80 ya vijiji nchini, maana yake kijiji kimoja kati ya vitano kilikwenda kwa wengine. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa dosari za fomu, na vyama vikuu vikajibu kwa kususia. CCM ikapata zaidi ya asilimia 99. Kususia ni silaha halali, ila hufanya kazi pale unapomnyima mwenzako kitu anachokihitaji. Kwa kususia vijiji, upinzani uliacha mahali pekee ambapo mwanachama wa kawaida alikuwa akijifunza kuuliza mapato na matumizi, kuitisha kikao, kuandika muhtasari na kushindwa kwenye kura bila kupigana. Uliporudi mwaka 2024 ulikuta ngazi za chini zimekwisha kung'olewa. CCM ilitangazwa mshindi kwa asilimia 99 tena, na wilayani Manyoni, kijiji cha Mkwese, mgombea wa CHADEMA aliuawa kwa risasi usiku wa kuamkia uchaguzi. Alikuwa anagombea uenyekiti wa kitongoji.

Mwaka huohuo wa 2024 ulikuwa umeanza vizuri. Tarehe 24 Januari CHADEMA waliandamana Dar es Salaam, polisi wakasindikiza, barabara zikafungwa na kufunguliwa, watu wakarudi nyumbani kwao salama. Ile siku ingestahili kuchunguzwa zaidi kuliko ilivyochunguzwa, kwa sababu ilionyesha kwamba polisi walewale, chini ya sheria ileile, wanaweza. Kufikia Septemba, baada ya kada wa chama hicho Ali Kibao kuteremshwa kwenye basi na kukutwa ameuawa, maandamano yaliyotangazwa kwa tarehe 23 yalizuiwa na viongozi wakakamatwa. Miezi minane tu iko katikati.

Hali hii si ya Tanzania peke yake. Erica Chenoweth na Maria Stephan, katika utafiti wao wa mwaka 2011, walihesabu kampeni 323 za kuanzia 1900 hadi 2006 na kukuta kwamba zile za amani zilifanikiwa katika asilimia 53, za silaha asilimia 26. Mwaka 2020 Chenoweth alirudi na takwimu za kusikitisha zaidi: tangu 2010 mafanikio ya kampeni za amani yalishuka chini ya asilimia 34. Za silaha zilishuka zaidi, mpaka asilimia 8 hivi, kwa hiyo asije mtu akazisoma takwimu hizo kama sababu ya kushika panga. Miongoni mwa maelezo yake ni kwamba harakati za siku hizi hukusanya watu wachache kuliko za zamani, hutegemea mno maandamano huku zikisahau migomo na njia nyingine za kukataa ushirikiano, na huitana kwa simu bila uti wa mgongo wa vikundi vinavyojuana. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa Singida utadhani imeandikiwa hapa.

Mwaka 2025 ulikuta kisanduku cha zana kimebaki na zana moja. Lissu, aliyechaguliwa mwenyekiti wa CHADEMA mwezi Januari, alibeba kauli ya kutokuwepo uchaguzi bila mabadiliko ya mfumo. Kundi ndani ya chama lililojiita G-55 lilipinga, na wengi wake wakahamia chama kingine, CHAUMMA. Linganisha na Tabora 1958: kule wengi wa walioshindwa hoja walibaki, na uamuzi ukatekelezwa na chama kizima. Tarehe 9 Aprili Lissu alikamatwa Mbinga, kesho yake akasomewa shtaka la uhaini juu ya kauli zake za kuzuia uchaguzi, na siku mbili baadaye Tume ya Uchaguzi ikasema CHADEMA haitashiriki kwa kuwa haikusaini kanuni za maadili. Kuzuia uchaguzi wa nchi nzima kwa amani kunahitaji watu waliokwisha kuzoea kukataa vitu vidogo kwa pamoja, na viongozi wa akiba pale wa kwanza wanapokamatwa. Chama kilikuwa na kiongozi mmoja jasiri kizimbani, akijitetea mwenyewe, na wafuasi wengi wakimtazama kwenye simu.

Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, vijana waliingia barabarani katika miji kadhaa bila wa kuwaongoza. Walikuwa wamewatazama wenzao wa Kenya mwaka 2024 na kudhani wameona yote. Mahali pengine walipita na mabango, kwingine vituo na ofisi zilichomwa. Risasi za moto zilitumika. Intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema mamia ya watu wanaaminika kuuawa, upinzani ukataja idadi kubwa zaidi, serikali ikazikataa hesabu hizo na kuunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ziko familia zilizozika na ziko zilizobaki zikitafuta mwili.

Baada ya siku ile kumekuwa na mijadala mingi ya nani aliwatuma vijana. Naona ni swali jepesi mno kwa jambo zito. Mtu aliyewahi kushinda ubishi wa mchango wa darasa, kwa karatasi na kwa wingi wa majirani, ana sababu ya kuamini kwamba karatasi na majirani vinatosha. Aliyezaliwa mwaka 2003 hana ushahidi huo kutoka katika maisha yake mwenyewe. Amesikia kwamba Uhuru ulipatikana bila kumwaga damu, lakini amelisikia darasani, katika mada ya mtihani.

Kisheria, mkutano mkuu wa kijiji bado upo. Unaundwa na kila mkazi aliyefikisha miaka 18, ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Hauhitaji kibali cha polisi wala taarifa za kiintelijensia. Ila mwenyekiti na karibu wajumbe wote wa halmashauri ya kijiji sasa wametoka chama kimoja, na anayesimama kuuliza mapato na matumizi anamuuliza mtu asiyeogopa kushindwa kura. Uchaguzi unaofuata wa ngazi hiyo unatarajiwa mwaka 2029, na kama upinzani unaukusudia kweli, kazi yake ilipaswa iwe imeanza tayari, kwenye vitongoji vya Ikungi, Mkalama na Manyoni ambako kwa sasa ni nadra kuwa na mjumbe wake wa kuandika muhtasari.